Tathmini ya vifaa vya dharura kwa biashara ndogo: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisubiri

Wauzaji wa vifaa vya dharura hupenda kuviuza kwa fungu: UPS (kisanduku chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika), mtungi wa kuzimia moto, sefu ndogo, diski ya nje, pengine na jenereta juu yake. Mwenye duka, karakana au ofisi ya watu watano hulipa mara moja, hupakia mizigo, na huamini amemaliza. Sisi tumevipitia kimoja kimoja kwa swali moja: je, kifaa hiki unaweza kukijaribu leo, kabla janga halijafika? UPS unaweza kuijaribu kwa kuzima swichi ya ukutani. Nakala ya data unaijaribu kwa kurudisha faili. Sefu huwezi kuichoma moto ili uone, na mtungi huwezi kuubonyeza kidogo kisha ukaurudisha mahali pake. Kinachojaribika kinadai tarehe kwenye kalenda. Kisichojaribika kinadai usome kibandiko chake neno kwa neno kabla ya kutoa pesa. Vifaa vingi vinavyowaangusha watu siku ya tukio havikuwa vibovu dukani. Vilinunuliwa bila kufanyiwa lolote kati ya hayo mawili.

Nakala za data

Hiki ndicho kitu cha kwanza, na hatuoni nafasi ya mjadala hapa. Chumba kingine hupangishwa, mali nyingine huagizwa. Lakini asiye na orodha ya wadaiwa wake, hesabu za stoo na mikataba aliyotia saini hajui amdai nani wala anadaiwa nini.

Kanuni ya tatu-mbili-moja, aliyoieneza mpiga picha Peter Krogh, inatosha kabisa kwa biashara ndogo: nakala tatu, kwenye hifadhi za aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Faili unazozifanyia kazi kila siku zinahesabiwa kuwa nakala ya kwanza. Kwa hiyo ununuzi wenyewe ni wa vitu viwili: diski ya nje na huduma ya kuhifadhi mtandaoni.

Diski ya nje tunaipa alama za juu, kwa sharti kwamba ununue mbili. Moja inachomekwa jioni na kuchomolewa nakala ikishakamilika. Nyingine inakaa nyumbani kwa mtu anayejulikana, na kila wiki zinapishana. Diski iliyoachwa imechomekwa usiku na mchana imekuwa sehemu ya kompyuta. Radi ikipita kwenye nyaya huziunguza zote mbili, na programu ya kiharamia inayofunga faili ili udaiwe fidia hufunga kila inachokiona, diski hiyo ikiwemo. Ukubwa wake uwe angalau mara mbili ya data uliyo nayo, ili nakala za wiki zilizopita zisifutwe kupisha za leo. Diski ya sahani zinazozunguka hufa kwa kuangushwa, hasa ikiwa inafanya kazi. Ile ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, huvumilia kuanguka, lakini haifai kufungiwa kabatini kwa miaka bila umeme, kwani chaji inayobeba data huvuja taratibu na joto huharakisha uvujaji huo. Kwa zamu ya kila wiki, yoyote kati ya hizo inafaa. Flashi ni ya kubebea faili kutoka hapa kwenda pale. Usiitegemee kwa kutunza.

Huduma za mtandaoni zinahitaji macho zaidi. Kuna zinazosawazisha folda na kuna zinazotunza matoleo ya zamani, na wauzaji huzichanganya. Ya kusawazisha hufanya mtandaoni kile kile ulichofanya kwenye kompyuta: ukifuta, nayo inafuta, faili zikifungwa na maharamia, zinapandishwa zikiwa zimefungwa. Unachotaka ni ile inayoweka matoleo ya kila faili kwa siku 30 kwa uchache, na 90 ikiwezekana, kwa sababu kosa kwenye kitabu cha hesabu mara nyingi huonekana mwisho wa mwezi, wakati wa kulinganisha na taarifa ya benki.

Uliza pia seva ziko wapi, na kama nakala yako iko jengo moja na data ya awali. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la SBG2 la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wako wateja waliokuja kugundua kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa mumo humo. Nje ya jengo maana yake ni nje ya kila jengo ambalo data yako tayari imo, hata kama jengo hilo ni la mtu mwingine.

Kabla ya kulipia, piga hesabu ya kupandisha. Gigabaiti 200 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua saa 44 hivi, tena ikiwa hakuna mwingine anayetumia intaneti. Kushusha wakati wa dharura kuna hesabu yake vilevile, na ndiyo maana diski iliyo nyumbani haiondolewi hata ukiwa na huduma nzuri kiasi gani mtandaoni.

Sasa kosa ambalo ni la kawaida mno. Watu huelekeza nakala kwenye folda ya nyaraka, wakati programu ya hesabu au ya mauzo inatunza kanzidata yake kwenye folda nyingine kabisa, mara nyingi ndani ya folda ya programu yenyewe. Na hata ukiilenga folda hiyo, faili ya kanzidata iliyo wazi hurukwa, au hunakiliwa ikiwa nusu imeandikwa, na haitafunguka tena. Dawa yake ni ndogo: ndani ya programu ya hesabu tafuta amri yake ya kutengeneza nakala, ipange ijiendeshe kila siku baada ya kufunga, na iandikie kwenye folda ambayo inanakiliwa. Ukishamaliza, angalia ukubwa wa faili. Nakala ya kilobaiti chache kwa biashara ya miaka mitatu haina kitu ndani.

Kujaribu kwenyewe kuna ngazi mbili. Kila mwezi chagua faili moja ya mwezi uliopita, irudishe kwenye folda tupu, uifungue. Kila miezi mitatu rudisha kanzidata nzima kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuwa nayo. Zoezi la pili ndilo linalofichua mambo: namba ya leseni ya programu haijulikani iko wapi, toleo lililosakinishwa ni jipya kuliko nakala, nenosiri la kufungulia nakala lilihifadhiwa ndani ya kompyuta ile ile inayodhaniwa kuwa imeungua. Na kuna mtego wa simu: akaunti ya mtandaoni inataka msimbo wa hatua ya pili, msimbo unakwenda kwenye simu, na simu imeteketea pamoja na duka. Huduma nyingi hutoa misimbo ya kujiokoa ya kutumia mara moja moja. Ichapishe. Karatasi moja iwe kwenye sefu, nyingine nje ya jengo.

UPS

Kazi ya UPS ni kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Anayeinunua ili aendelee kufanya kazi saa nzima amenunua kifaa kisicho chake.

Kwenye boksi huandikwa VA (volti-ampea) kwa herufi kubwa na wati kwa herufi ndogo. Soma wati. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati kati ya 360 na 390 tu, na ndani yake huwa na betri moja ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7, yaani Wh (wati-saa) 84 za kwenye karatasi. Kompyuta na skrini vikila wati 200, hesabu ya haraka inakupa dakika 25. Uhalisia ni chini ya nusu yake, kwa sababu betri ya risasi na asidi ikinyonywa kwa kasi hutoa sehemu tu ya uwezo wake, na kigeuza umeme nacho kinakula chake.

Mahali ambapo umeme unapanda na kushuka mara kwa mara, usichukue aina ya chini kabisa ambayo hukimbilia betri kila volti zikiyumba. Chukua yenye kurekebisha volti bila kugusa betri. Maelezo yake huandikwa AVR. Hiyo peke yake huongeza umri wa betri, kwani betri ya namna hii huchakaa kwa kutumika na kwa joto. Kwenye chumba cha nyuzi 25 hudumu miaka 3 hadi 5, na kila joto likizidi kwa nyuzi 10 umri huo hupungua kwa karibu nusu. UPS iliyosukumwa nyuma ya friji au chini ya meza iliyojaa maboksi inapikwa polepole.

Printa ya leza isiguse soketi za betri. Kichomea wino chake huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na nyingine huzidi 1,000, kisha hutulia, kisha huvuta tena; UPS ndogo hulia, hujizima, na kompyuta iliyokuwa ikilindwa inazimika pamoja nayo. UPS nyingi zina soketi za upande mmoja zinazolinda dhidi ya mshtuko wa umeme bila kutoa nguvu ya betri. Printa iende huko. Ekstensheni juu ya ekstensheni usifanye kabisa.

Ndani ya boksi kuna waya wa USB ambao wengi huuacha humo. Ni sehemu ya bidhaa uliyolipia. Ukiunganisha na kompyuta na kuiwekea programu yake, kompyuta hujizima yenyewe betri ikikaribia kuisha, hata usiku wakati hakuna mtu.

Jaribio: hifadhi kazi, acha mashine zikiwaka, zima swichi ya soketi ukutani. Usichomoe plagi, ili waya wa ardhi ubaki umeunganishwa. Pima muda hadi UPS ianze kulia mfululizo, kisha washa tena. Andika muda na tarehe kwenye kipande cha karatasi ukibandike ubavuni mwa UPS. Rudia kila miezi mitatu. Muda ukishuka hadi nusu ya ule wa kwanza, badilisha betri usisubiri taa nyekundu. Ukienda kununua betri, mbali na volti na Ah, pima upana wa vishikizo vyake: viko vya milimita 4.8 na vya milimita 6.3, na waya wa kimoja hauingii vizuri kwenye kingine. Betri ikiwa imevimba na imekwama, usiichokonoe kwa bisibisi, mpe fundi. Na UPS ya akiba iliyo stoo inahitaji kuchajiwa kila miezi 3 hadi 6, la sivyo betri inakufa ikiwa mpya.

Kwa ruta peke yake kuna kifaa tunachokipenda kuliko UPS ya kawaida: betri ndogo inayotoa volti 12 moja kwa moja. Ruta ya wati 12 ikipewa betri ya Wh 40 hukaa hewani saa kama 3, kwa sababu hakuna upotevu wa kugeuza umeme kwenda na kurudi. Angalia tu volti zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta, maana ziko za 9 na za 12, na mchoro unaoonyesha kama kati ya plagi ni chanya. Ukigeuza, unaunguza ruta.

Betri kubwa ya kubebeka, au jenereta?

Kwa ofisi, kwa fundi simu, kwa duka ambalo mzigo wake ni kompyuta, ruta, taa na mashine ya malipo, tunapendekeza betri ya kubebeka ya lithiamu, aina ya LiFePO4. Aina hii huvumilia maelfu ya kuchajiwa kabla ya kupungua kwa kiasi kinachoonekana, na ni ngumu zaidi kushika moto kuliko lithiamu za aina nyingine. Yenye Wh 500 hukupa kama 425 za kutumia. Kompyuta mpakato ya wati 60, ruta ya 12 na taa ya 10 ni wati 82: saa 5 hivi za kazi. Usiichaji chini ya nyuzi sifuri, usiifungie ikiwa tupu, na iongezee chaji kila baada ya miezi michache. Kuijaribu ni rahisi kuliko chochote katika orodha hii: fanya nayo kazi siku moja ya kawaida.

Jenereta ni ya mwenye friji za biashara, pampu au mashine za kusaga. Hapo betri ya kubebeka haitoshi, kwa sababu mota ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake. Friji ya wati 150 inaweza kuzima chanzo cha 500 katika sekunde ya kwanza. Kwa hiyo ukubwa wa jenereta unapigwa hivi: jumla ya mizigo yote ikiwa inaendeshwa, pamoja na mvuto wa kuanzia wa mota moja iliyo kubwa kuliko zote. Kisha washa mota moja baada ya nyingine, usiziwashe zote kwa pamoja.

Tunaiweka jenereta mwisho wa orodha ya ununuzi kwa sababu ndicho kifaa hapa kinachoweza kwa urahisi zaidi kumuua mwenye kukinunua. Moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Haiwashwi ndani, wala stoo, wala kwenye ukumbi wenye paa, hata milango ikiwa wazi. Iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na dirishani, na bomba la moshi lielekee mbali na jengo. Nunua pamoja nayo king'ora cha kaboni monoksidi. Pia usiingize umeme wake kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi mbili. Umeme huo hutoka kwenda kwenye nyaya za barabarani, na fundi aliyepanda nguzo akijua hakuna umeme anaukuta. Lazima fundi mwenye leseni afunge swichi ya kuchagua chanzo kimoja kwa wakati mmoja, ile ambayo mafundi huiita chenjiova.

Linaloziua jenereta zenyewe ni petroli iliyolala. Ikikaa miezi 3 hadi 6 bila dawa ya kuitunza hugeuka utando unaoziba tundu dogo la kabureta, na siku ya dharura mtu anavuta kamba hadi bega linauma. Kila mwezi iwashe dakika 20 ikiwa imebeba mzigo. Kama haitatumika muda mrefu, funga koki ya mafuta uiache iunguruke mpaka izimike yenyewe, kabureta ibaki kavu. Usijaze mafuta ikiwa ya moto.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: UPS nyingi hazipatani na jenereta ndogo. Mzunguko wa umeme wa jenereta huyumba mzigo unapobadilika, UPS inauona mchafu, inarudi kwenye betri, inajaribu tena, inarudi tena, hadi betri inaisha huku jenereta inanguruma nje. Kama una mpango wa kuwa na vyote viwili, chagua UPS yenye uwezo wa kushusha wepesi wake wa kuhisi, au jenereta ya aina ya inveta, ambayo umeme wake ni safi zaidi. Vijaribu pamoja kabla ya kuvihitaji pamoja.

Mtungi wa kuzimia moto

Hapa tunaingia kwenye visivyojaribika. Mtungi wa unga mkavu ukibonyezwa hata kwa sekunde moja, chembe za unga hubaki kwenye valvu, haifungi tena sawasawa, na presha huvuja hadi kwisha. Mtungi uliojaribiwa hivyo haufai mpaka ujazwe upya. Kwa hiyo soma.

Soma michoro ya aina za moto, si herufi peke yake. Kwa mfumo wa Ulaya herufi C ni moto wa gesi. Kwa mfumo wa Marekani herufi hiyo hiyo ni vifaa vyenye umeme. Mitungi ya mifumo yote miwili huuzwa duniani kote, wakati mwingine kwenye rafu moja.

Unga mkavu wa matumizi yote ndio unaouzwa zaidi, na kwa stoo ya maboksi na nguo unafaa. Kwa chumba chenye kompyuta na seva ni chaguo baya: unga wake wa fosfati hunyonya unyevu hewani na kula shaba kwenye saketi, hata za mashine ambazo moto haukuzifikia. Huko weka mtungi wa kabonidioksidi wa kilo 2, usioacha mabaki, ukijua mambo mawili: usishike koni yake kwa mkono mtupu, kwani hupoa kiasi cha kuunguza ngozi, na usibaki kwenye chumba kidogo kilichofungwa baada ya kuutumia, maana gesi hiyo huchukua nafasi ya hewa. Jiko la kukaangia linahitaji mtungi wa kemikali ya majimaji uliotengenezwa kwa mafuta ya kupikia, daraja F kwa Ulaya na K kwa Marekani. Maji kwenye mafuta yanayowaka hulipua mafuta hayo hewani.

Mtungi wa unga wa kilo 6 humalizika ndani ya sekunde 20 hivi. Wa kilo 1 au 2 ndani ya 10. Mwambie hivyo kila mfanyakazi, kwa sababu watu hudhani wana dakika. Vuta pini, simama mita 2 hadi 3, elekeza kwenye kitako cha moto, bonyeza, pepea kushoto na kulia, huku mlango ukiwa nyuma yako. Ukiisha na moto bado upo, tokeni.

Kila mwezi: sindano ya geji iwe kwenye kijani, pini na kifungo chake viwe vizima, mdomo wa mpira uwe wazi, kwani wadudu hupenda kujenga humo. Mtungi wa kabonidioksidi hauna geji. Unapimwa kwa mizani, na ukipungua sehemu ya kumi ya gesi yake unajazwa. Fundi aukague kila mwaka, na silenda yenyewe hupimwa kwa presha: chini ya NFPA 10, kanuni za Marekani za mitungi ya moto, ni kila miaka 5 kwa kabonidioksidi na 12 kwa unga mkavu wa kawaida. Utundike karibu na njia ya kutokea, sehemu yake ya juu isizidi mita 1.5 kutoka sakafuni. Ukiuweka juu ya jiko au kando ya jenereta, utalazimika kupita motoni kuufikia.

Kama pesa zinatosha mtungi wa pili au kengele za moshi, nunua kengele. Zinajaribika kwa kubonyeza kitufe kila mwezi, na hufanya kazi usiku. Zina tarehe ya kuzaliwa nyuma. Zikifika miaka 10, zibadilishwe hata kama bado zinalia.

Sefu ya kuhimili moto

Hii ndiyo bidhaa yenye pengo kubwa zaidi kati ya watu wanachokiamini na kile kilichoandikwa. Sefu yenye alama ya UL 72, kiwango cha Marekani, daraja la 350 kwa saa moja ina maana hii: iliwekwa kwenye tanuru lililopanda hadi nyuzi 927, na ndani hapakuzidi nyuzi 177 za Selsiasi, yaani 350 za Farenhaiti. Karatasi ya kawaida huokoka. Diski haiokoki. Kwa vifaa vya kuhifadhia data daraja linalotakiwa ni 125, ambapo ndani hapazidi nyuzi 52, na sefu za namna hiyo ni nzito na adimu. Kwa viwango vya Ulaya tafuta EN 15659 kwa masanduku mepesi na EN 1047-1 kwa makabati mazito. Herufi P ni karatasi, DIS ni diski. Sefu iliyoandikwa tu kwamba inahimili moto, bila kiwango, bila dakika, bila aina ya kinachohifadhiwa, tunaipa sifuri.

Hata risiti ziko hatarini ndani ya sefu nzuri. Zile za mashine, za karatasi laini isiyotumia wino, huchapwa kwa joto, na hugeuka nyeusi kwenye joto la chini sana kuliko nyuzi 177. Mtu hufungua sefu iliyofanya kazi yake barabara, anakuta mikataba mizima na bunda la risiti jeusi tii lisilosomeka herufi moja. Zipige picha au zitoe kopi siku ya kuzipokea; hata bila moto hufifia zenyewe.

Ukuta wa sefu hizi una jasi au zege lenye maji ndani yake, na ni maji hayo yanayogeuka mvuke na kunyonya joto. Maji hayo hayo huifanya sefu iwe na unyevu siku zote. Weka pakiti za silika, zibadilishe, na hati zitie kwenye mifuko iliyozibwa. Vinginevyo hatimiliki itaota ukungu bila janga lolote. Sefu ya moto si sefu ya wezi pia, kwani ngozi yake ya chuma ni nyembamba. Ifunge kwa bolti tu kama mtengenezaji ameacha matundu yake. Ukitoboa mwenyewe umeharibu kinga. Iweke ghorofa ya chini, juu ya kilele cha mafuriko yaliyowahi kufika hapo. Ya ghorofani hudondoka sakafu ikiungua, na ni zile tu zilizopimwa kwa kuangushwa zinazotarajiwa kubaki zimefungwa.

Baada ya moto, usiifungue ingali na joto. Hewa ikiingia, karatasi zilizokuwa zimebaki bila oksijeni zinaweza kuwaka papo hapo mbele yako. Subiri ipoe kabisa, hata kama ni siku nzima au zaidi.

Bima ya kusimama kwa biashara

Hii ni huduma, na ubora wake uko kwenye vifungu vitatu. Cha kwanza ni kinachoifungua: nyingi zinataka mali iwe imeharibika kwanza, kwa hiyo barabara kufungwa au umeme kukosekana wiki mbili hakulipwi bila nyongeza maalumu. Mafuriko nayo mara nyingi hutengwa. Cha pili ni muda wa kusubiri, kwa kawaida saa 48 au 72 kabla malipo hayajaanza kuhesabiwa. Biashara inayouza vinavyooza hupata hasara yake yote ndani ya saa hizo. Cha tatu ni kifungu cha uwiano. Ukiwa na mali ya 100 na umekata bima ya 60 ili ada iwe ndogo, hasara ya 20 hulipwa 12. Thamani uliyojaza kwenye fomu ipitie kila unapoongeza mashine au stoo. Na wakala akikueleza kifungu kwa mdomo, mwombe akuonyeshe ukurasa, kisha akuandikie kwa barua pepe namna hasara ya siku 10 za kufunga ingehesabiwa kwa mauzo yako ya mwaka jana.